Kumwandaa Mtoto Anayeondoka Kwenda Chuoni

Hotuba iliyotolewa na mama mmoja wa hekalu letu katika jioni ya familia na majirani, wiki ya maadhimisho

  

Kamati iliponijia na ombi la kuzungumza juu ya kumwandaa mtoto anayeondoka nyumbani kwenda chuoni, nilidhani nimechaguliwa kwa kuwa nimefanya vizuri. Mwenyekiti akanieleza kwa upole kwamba watatu wa kwanza walioombwa walikuwa na udhuru. Basi nimekuja nikiwa wa nne, na nimeona heri niseme niliyokosea kuliko kujifanya bingwa. Binti yangu alikwenda kusoma Dodoma mwaka 2018. Mdogo wake, kitinda mimba wangu, ataondoka Oktoba hii, panapo majaaliwa. Kati ya safari hizo mbili nimejifunza jambo moja kubwa na mengi madogo. Nitaanza na madogo, maana nawaona wengine mmekuja na madaftari.

Kwanza begi. Mama wa Kigujarati akiambiwa mwanawe anasafiri, hukimbilia jikoni. Nilikanda, nikakaanga, nikafunga: thepla za siku nne, chevda kilo mbili, achari ya embe chupa tatu, na papad ambazo mtoto hakuwa na pa kuzichomea. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye kijana wake alikuwa anakwenda chuo hichohicho, alimfungia wake kashata na visheti. Watoto wetu wakapanda basi moja wakiwa na chakula cha kuwalisha abiria wote hadi Chalinze. Lakini sweta sikuweka. Mtoto wa Tanga anajua joto na anajua mvua, baridi haijui. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa usiku wa Juni na Julai si wa kuchezea. Binti yangu alijinunulia sweta ya mtumba, wala hakunilaumu, ingawa nilijilaumu mwenyewe.

Najifariji kwamba nimekosea pamoja na wakubwa. Mohandas Gandhi alipanda meli Bombay tarehe 4 Septemba 1888 kwenda kusomea sheria London. Alikuwa kijana wa miaka 18, naye aliacha nyumbani mama, mke na mtoto mchanga. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia jinsi alivyoitunza suti nyeupe ya flana safari nzima ili aivae siku ya kushuka, akidhani ndiyo itakayompendeza. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Alipotazama kushoto na kulia, akajikuta ni yeye peke yake aliyevaa nyeupe, na mizigo yake yenye nguo nyingine ilikuwa haijafika. Wale waliomwandalia suti hiyo walimpenda. Sisi sote huandaa safari ya mtoto kwa kutazama pale tulipo, wala si kule aendako. Kwa hiyo kabla ya kufungua kabati, mtafuteni mtu aliyekwisha kusoma katika mji ule, mmuulize kuna nini na hakuna nini. Hatawaambia habari za achari. Atawaambia chandarua, kufuli, ndoo, shuka mbili, na waya wa kuunganishia umeme.

Nyaraka nazo msizipuuze. Cheti halisi cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, namba ya kitambulisho cha taifa, kadi ya bima ya afya, picha ndogo za kutosha: vyote viingie katika jalada moja lisilopenya maji, na nakala zake zibaki nyumbani. Mtoto mwenyewe ndiye azikusanye. Mimi nilimkusanyia binti yangu kila karatasi, naye alipofika dirishani akaulizwa ipo wapi karatasi fulani, ikabidi anipigie simu mimi niliye Tanga nimwambie imo mfuko gani wa begi alilolishika mkononi.

Sasa fedha. Hapa nitasema kwa kirefu kidogo, maana naona wazazi wengi tunadhani kumfundisha mtoto fedha ni kumwambia asiitumie ovyo. Binti yangu aliishi nyumbani miaka 19 bila kununua hata fungu la nyanya. Duka letu linafuatana na nyumba. Alichotaka alikichukua rafuni. Siku aliyopata fedha za kujikimu kwa mara ya kwanza, zile ambazo vijana huziita bumu, alijiona tajiri. Hesabu yake ilikuwa rahisi: leo ninazo nyingi. Hakununua vitu vya upuuzi. Alinunua vitabu, akamkopesha mwenzake wa chumbani, akachangia sherehe ya kuzaliwa ya mtu asiyemjua vizuri kwa kuwa aliona haya kukataa. Kabla ya nusu ya muhula alikuwa anahesabu sarafu.

Safari hii tumefanya vingine. Tangu kijana wetu amalize mtihani wa kidato cha sita mwezi wa Mei, soko la nyumba yetu ni lake. Kila Jumamosi baba yake humkabidhi fedha za wiki, naye huenda Ngamiani na kapu. Wiki ya kwanza alirudi na nyanya nzuri juu na mbovu chini, na fedha zikaisha Jumatano. Mume wangu alitaka kumwongezea. Nikamzuia, tukala dengu Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi asubuhi, watu wote wa nyumba, pamoja na mgeni wetu kutoka Korogwe ambaye hakuwa na kosa lolote. Wiki ya pili alianza kupindua fungu kabla ya kulipa. Sasa ana daftari. Gandhi naye huko London alikuwa akiandika kila sarafu aliyotumia, hata nauli ya basi na stempu, na kufunga hesabu kila usiku kabla ya kulala. Kisha akaanza kutembea kwa miguu ili kuokoa nauli. Kijana wangu nilimsimulia hayo. Akaniambia: "Mama, yeye hakuwa na vifurushi vya simu." Ni kweli. Vifurushi vimo katika daftari, tena vina ukurasa wake.

Kuhusu chakula na imani, najua ndilo swali la wazee wetu wengi hapa, na najua majirani zetu Waislamu wana swali hilohilo kwa namna yao. Je, mtoto asiyekula nyama nyumbani atakula nini huko? Mama yake Gandhi aliogopa hivyohivyo, hata akamtaka mwanawe aape mbele ya mtawa wa Kijaini kwamba hatagusa nyama, pombe wala wanawake. Kiapo kilimsaidia, sibishi. Lakini kilimlaza na njaa siku nyingi, mpaka alipogundua mkahawa wa wasiokula nyama katika mtaa wa Farringdon, na baadaye akajifunza kujipikia uji wake mwenyewe asubuhi. Mimi sikumwapisha mwanangu. Nimemfundisha kupika wali wa choroko kwa sufuria moja, na kumuuliza mpishi wa kantini bila aibu kama maharage yameungwa kwa mchuzi wa nyama. Binti yangu alikula maharage hayo miezi miwili kabla ya kuwaza kuuliza. Na ulizeni mapema kama hosteli inaruhusu kupika chumbani. Si zote zinazoruhusu.

Nimefika kwenye lile jambo kubwa.

Baba mkwe wangu, watoto wangu walimwita Dada. Majirani zetu walikuwa wakicheka sana. Kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba, kaka ni baba mdogo au mkubwa, na mama ni mjomba! Binti yangu alipokuwa mdogo aliwahi kumwambia mwalimu wake kwamba dada yake ana miaka 70 na ana ndevu. Dada huyo ndiye aliyemfundisha kusoma saa, kuhesabu kwa Kigujarati, na kucheza bao, mchezo ambao mwenyewe alifundishwa na wazee wa Kiswahili barazani kwetu. Siku ya kuondoka kwenda Dodoma, mimi nilimpa mtindi na sukari kama desturi, nikamtia alama nyekundu kwenye paji la uso. Dada akamshika kichwa kwa mikono miwili, hakusema neno.

Alifariki Februari iliyofuata, mwaka 2019. Binti yangu alikuwa katika juma la mitihani yake ya kwanza ya chuo. Tulikaa usiku ule, mume wangu, shemeji zangu na mimi, tukaamua asiambiwe. Tulikuwa na sababu, nazo zilikuwa nzuri: njia ni ndefu, asingewahi mazishi, angefeli mitihani, na marehemu mwenyewe asingependa. Mdogo wake alikuwa na miaka 12. Tukamwonya asiropoke akishika simu. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo naona haya kulitaja mbele ya aliyetendwa. Nilikwenda kwa jirani yangu, aliyekuwa ametandika mikeka ya wafiwa barazani kwake na kutupikia chai siku nzima, nikamwomba ampigie kijana wake kule chuoni amwambie afunge mdomo. Alinitazama. Akasema, "Mama, hilo ni zito kwa watoto." Lakini akanifanyia, kwa kuwa nilikuwa mfiwa, na mfiwa hanyimwi.

Siku ya tatu binti yangu alipiga simu. Akaomba kusema na Dada. Nikamwambia amelala.

Alirudi likizo mwisho wa mwezi. Siku ya kumi na tatu ilikuwa imepita, ndugu wametawanyika. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia taratibu baada ya kula. Aliingia sebuleni na begi begani, akaiona picha ya Dada ukutani na shada la maua limeizunguka. Ninyi wa hekalu mnajua maana ya shada hilo, halihitaji maneno. Hakupiga kelele. Aliuliza tarehe. Nikamtajia. Akafikiri, akasema, "Siku ile ya simu, alikuwa amekwisha kuchomwa." Akaingia chumbani.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba Gandhi naye yalimpata hayo. Mama yake alifariki akiwa bado Uingereza. Kaka yake alimficha, akitaka kumwepusha na pigo akiwa ugenini. Mwaka 1891 alirudi na shahada yake ya uwakili, akitamani kumwona mama aliyemwekea kiapo na kukitimiza, na ndipo alipoambiwa. Kwa hiyo desturi hii ni ya zamani, tena ni ya watu wema. Naamini humu ukumbini si mimi peke yangu niliyeifuata. Tunaiita huruma.

Binti yangu alisamehe. Alifaulu mitihani ile, na kwa muda nikasema moyoni, basi tulifanya sawa. Mwaka wa pili, jirani yangu akaniuliza sokoni, "Mwanao amepata nafuu?" Nafuu ya nini? Nikaambiwa alikuwa amelazwa siku tatu kwa malaria, kijana wake jirani ndiye aliyempeleka hospitali na kumletea uji. Nilipompigia binti yangu simu mikono inatetemeka, alinijibu kwa utulivu kabisa: "Nilikuwa na majaribio, nanyi mna mambo ya duka. Sikutaka kuwasumbua. Si ndivyo tunavyofanya kwetu?" Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa pia na somo la kurudia, ile wanayoiita sapu, na kwamba alikuwa ameuza simu yake nzuri ili kulipa deni la mwenzake. Yote alituficha ili tulale usingizi. Jirani yangu hupenda kusema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Binti yangu alifunzwa na mamaye. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Ndugu zangu, mtoto akiwa nyumbani huhitaji kuambiwa machache, maana anaona. Anaona baba hakula, anaona mama ana macho mekundu, anasikia sauti zikishuka anapoingia. Akienda mbali macho hayo hufungwa, na kitu pekee kinachobaki kati yake na nyumbani ni maneno yetu kwenye simu. Maneno hayo yakishavunjika mara moja, kila "hatujambo" inayofuata ina shaka ndani yake. Binti yangu aliniambia kwamba kwa mwaka mzima baada ya Dada, kila nilipomwambia bibi yake amelala, aliwapigia watu wengine mtaani kuhakikisha bibi yu hai.

Sisemi mtoto abebeshwe kila mzigo wa nyumba. Ugomvi wa shemeji na wifi hauna haja ya kumfuata Dodoma. Wala sisemi kwamba mtoto apigiwe simu ya msiba dakika tano kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Jioni ipo. Yupo mlezi wa wanafunzi chuoni, na wapo wenzake wa chumbani. Mtu mmoja anaweza kuombwa akae naye wakati anapoambiwa. Mzee mmoja wa hapa aliniuliza juzi, "Na akiacha mtihani akapanda basi?" Nilimjibu: basi atakuwa ameacha mtihani akapanda basi. Vyuo vina taratibu za mwanafunzi aliyefiwa; aulize mapema, aombe kwa barua, asiondoke kimya. Mtihani unaahirishwa, na Dada huzikwa mara moja. Nisameheni, sisi hatuziki, lakini mmenielewa.

Mwaka huu, tulipoanza kuzungumza na kijana wetu habari za chuo, tulidhani atauliza kuhusu kompyuta. Tulikuwa mezani. Akauliza, bila kumtazama yeyote, "Na mimi mtaniambia?" Miaka sita imepita, na kumbe yule mtoto wa miaka 12 tuliyemwonya asiropoke alikuwa amebaki amekaa palepale karibu na simu.

Hatukumjibu upesi. Tulikaa kwanza sisi wawili, mume wangu na mimi, tukaulizana ni mambo gani tunamficha hata sasa, akiwa bado chini ya paa letu. Yalikuwa mawili. La kwanza, baba yake ana kisukari, nacho hakijatulia tangu mwaka jana. Vidonge alikuwa akivimeza dukani ili watoto wasione. La pili, biashara si ile ya zamani. Ada ya mwaka wa kwanza ipo. Ya mwaka wa pili haipo, na tulikuwa tunajiambia kwamba Mungu atafungua njia, huku tukimwambia mtoto asome tu, asiwe na wasiwasi.

Tulimwambia yote mawili Jumapili baada ya aarti. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyofikiri. Mume wangu ni mtu wa heshima zake, na kumwambia mwanawe kwamba duka limepungua kulimtoa jasho. Kijana alinyamaza. Kisha akauliza ada ya mwaka wa pili ni shilingi ngapi, akaiandika katika daftari lake la sokoni. Juma lilelile alianza mwenyewe kufuatilia maombi ya Bodi ya Mikopo, na cheti chake cha kuzaliwa kikahakikiwe, mambo ambayo mimi nilikuwa sijayawaza kwa sababu ya fahari tu. Hatujui kama atapata. Lakini anajua anachokiomba na kwa nini.

Nasi tukamwomba ahadi yake. Akiugua, tusikie kutoka kwake. Akifeli, tusikie kutoka kwake. Akiishiwa, aseme ameishiwa, asiuze simu. Akaongeza sharti moja ambalo sikulitarajia: tukishaambiwa, tusipige kelele kabla hajamaliza sentensi. Hilo lilinihusu mimi, na nyumba nzima inajua. Nalifanyia mazoezi.

Jambo jingine dogo nililitaka kulisahau. Matapeli wa simu wanajua kwamba mtoto yuko mbali. Watapiga waseme wao ni walimu, mtoto ameanguka, tuma fedha kwa namba hii haraka. Familia iliyozoea kufichana ndiyo wanayoipata kwa urahisi, kwa kuwa kila mtu huamini kwamba lipo asiloambiwa. Sisi tumekubaliana swali moja ambalo tapeli hawezi kulijibu. Linahusu ndevu za dada yetu wa miaka 70.

Jirani yangu yupo hapa leo, mstari wa pili. Nilimwomba radhi kwa lile la kijana wake, mbele ya kijana mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi. Kijana akaniambia kwamba juma lile chuoni alikuwa akizunguka nyuma ya maktaba ili asikutane na binti yangu. Sikuwa nimeliwaza hilo hata siku moja.

Sweta imeshanunuliwa. Mtindi na sukari nitampa, na achari chupa moja. Jana asubuhi, kabla ya kuchukua kapu kwenda Ngamiani, kijana alisimama mlangoni akamuuliza baba yake sukari imesoma ngapi leo. Baba yake akaangalia kile kipimo, akamtajia namba yenyewe, na haikuwa nzuri.

 Karibuni prasad.